Benchi Lisilo la Kale

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Juni, asubuhi, pale fundi umeme alipogusisha ncha ya drili ukutani na gari la Idara ya Majengo ya Kale likafunga breki nje ya geti. Miaka yote paa lilipovuja, idara hiyo haikuwahi kufika. Ilimwambia mgane mwenye nyumba asubiri vigae vya aina ile ile ya zamani, vigae ambavyo viwanda viliacha kuvitengeneza kabla babu yake hajabalehe. Akasubiri, beseni likiwa kitandani, upande aliokuwa akilala marehemu mkewe. Lakini tundu la ukubwa wa kidole gumba, hilo walilinusa kutoka mbali. Wakubwa wana pua, jamani. Masikio ndiyo hawakujaliwa.

"Simama hapo hapo!" afisa akapaza sauti hata kabla hajashuka sawasawa. "Ukuta huu ni urithi wa taifa!"

Fundi akazima drili. "Bosi, ni chaja ya gari tu. Tundu moja, waya mmoja."

"Hairuhusiwi kutoboa."

Mgane akakitazama kibao cha shaba kilichotangaza kwamba nyumba ni ya kihistoria. Idara yenyewe ndiyo iliyokifunga kwa boliti nne, na chini ya kila boliti ufa ulikuwa ukiteremka taratibu. "Na hayo matundu manne?"

"Hayo ni ya kitaalamu, mzee wangu."

"Alaa! Kumbe ukuta unawajua wasomi. Niwie radhi, mimi niliishia la nne."

Mzaha ulimtoka, lakini chaja ile aliihitaji kweli. Binti yake wa pekee, mkunga, alikuwa amehamishiwa hospitali ya mji ule, na gari lake lilikuwa la umeme. Alishamwambia wazi: "Baba, mimi naitwa kazini saa yoyote. Nikipata pa kuchajia, nahamia kwako. Nisipopata, napanga chumba kule kule hospitali." Tangu mama mtu azikwe, mgane alikuwa anapika chakula cha mtu mmoja na kukila amesimama. Hicho chumba cha kupanga alikiogopa kuliko kaburi.

Afisa akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na uso wa mtu aliyegundua mafuta. "Tumepata! Ukuta wa jiko umejengwa juzijuzi, hauna thamani. Chaja ikae hapo, gari liingilie geti la nyuma. Mtavunja tu lile benchi linaloziba njia."

Lile benchi. Marehemu alilijenga kwa saruji, kwa mikono yake, akapachika kila sahani iliyovunjika ndani ya nyumba: vipande vya waridi vya sahani za harusi, vya kijani vya ile aliyoiangusha binti siku ya kwanza kuosha vyombo. Jioni alikaa hapo akichambua mchele na kuwasema wakubwa, maana ulimi alikuwa nao.

"Haliwezi kuhamishwa?" mgane akamuuliza fundi.

"Limeshikana na sakafu, mzee. Ukilinyanyua linageuka kokoto."

"Si la kale hilo," afisa akasisitiza, kwa ule upole wa kuudhi. "Halimo kwenye orodha."

Mara honi ikalia geti la nyuma. Binti huyo akaingia, godoro juu ya gari, betri imefika kwenye nyekundu, uso mzima meno. Akaona nyundo ya fundi imeegemea benchi la mama yake. Meno yakapotea.

"Baba, ndiyo nini hii?"

"Muulize msomi."

Akaelezwa. Akakaa pale kwenye benchi, akapitisha kidole juu ya kipande cha kijani. "Lisivunjwe kwa ajili yangu," akasema, sauti ndogo kama ya miaka ile. "Nitapanga tu."

Baba mtu alimfuata afisa, aliyeshikwa na haraka ghafla, hadi dirishani mwa gari la idara, akamuuliza swali moja. Afisa akasema suala zito hivyo lazima alipeleke juu. Likapanda, na mpaka leo halijashuka. Gari la binti limezimika uani, mbele ya benchi. Halina nguvu ya kuondoka wala pa kuchajiwa. Mwenyewe analala sebuleni, kwa muda tu, anasema, na mabegi hajayafungua.

Na swali lenyewe wala halikuwa kubwa: "Kijana, mke wangu akae kaburini miaka mingapi ndipo benchi lake liwe la kale?"