Pumzi ya Sato

Nyangi alifuga sato na kambare katika bwawa nyuma ya nyumba yake huko Gorong'a. Maji yaliingia kwa mfereji kutoka kijitoni. Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, aliwakuta sato wamepanda juu, midomo nje, mashavu yakipigapiga upesi kama ya mtu aliyekimbia mlimani. Akawarushia pumba. Hakuna aliyekula. Kufikia mchana walikuwa wakielea ubavu.

Getruda, afisa uvuvi, alifika kwa bodaboda. Alichukua sato mmoja, akainua shavu lake. Nyama ya ndani, ambayo huwa nyekundu, ilikuwa imepauka na kujaa ute mzito. Akaeleza kwamba madini kama zebaki yakiingia majini huunguza mashavu. Samaki hutoa ute kujikinga, na ute huohuo humziba pumzi. Alibeba maji na samaki wachache kwenda kupima, akamwagiza Nyangi azibe mfereji na asile hata kambare.

Juu ya kijito kulikuwa na mwalo mmoja tu wa kuoshea dhahabu kwa zebaki. Ulikuwa wa Waitara, mdogo wa marehemu mume wa Nyangi, na ndiye aliyemchimbia shemeji yake bwawa lile alipofiwa. Mvua ilikuwa imebomoa ukingo wa shimo lake la tope, na tope lenye zebaki likateremkia kijitoni. Nyangi hakwenda kumgombeza. Alimwita aje aone.

Waitara alikuja, akawatazama sato walioelea. Alipoona kambare bado wanaogelea, uso wake ukakunjuka.

"Shemeji, hawa wamepona. Angalau utapata kitoweo."

"Kambare anapanda kuvuta hewa ya huku juu, ndiyo maana hajafa," Nyangi akasema. "Lakini anaishi katika maji yaleyale. Wewe ungewapikia wanao?"

Waitara alivua viatu, akaingia bwawani kumsaidia kuwatoa waliokufa.

Majibu yalipokuja, zebaki ilikuwemo hata katika nyama ya kambare. Wakawavua kambare nao, wakawazika wote mbali na maji. Waitara alifunga mwalo, na wachimbaji wenzake wakamkasirikia, wakahamia machimbo ya Nyamongo.

Kisha Waitara akapita nyumba zote za chini ya kijito, Nyangi akiwa kando yake, akawaomba watu wasinyweshe ng'ombe pale. Kwenye kila mlango alisema mwenyewe kwamba tope lilitoka kwake. Wengine walimfokea. Mzee Nchagwa alimsikiliza mpaka mwisho, akaita watoto wake warudishe ng'ombe zizini, kisha akawakaribisha wageni wake viti.