Futi Iliyokatwa Ncha

Mama Cherehani alikuwa na mazoea mawili akiwa kazini. La kwanza, ncha ya futi yake, ule utepe wa kijani wa kupimia watu, aliishikilia kwa meno. Mikono miwili haitoshi kumgeuza mteja, kumnyoosha mabega na kumzuia asivute tumbo ndani kwa kujidai, kwa hiyo meno yalisaidia. La pili, kila namba aliyoisoma alitoa moja. Futi ikisema kiuno ni thelathini na tano, yeye aliandika kwa chaki thelathini na nne. Msimu wa sare za shule pasi iliangukia ile ncha ikaungua, naye akachukua mkasi akaikata sawasawa kwenye mstari wa inchi ya kwanza. Anunue nyingine ya nini, na hii imeshauzoea mkono wake? Alitoa moja mpaka akasahau kwamba anatoa.

Hayo ni ya dukani. Nyumbani, huko nyuma ya duka, mambo yalikuwa yananuka.

Mumewe alikuwa msimamizi wa ghala la saruji, na wenzake walimbandika jina la Hakika, kwa sababu neno "nadhani" halijawahi kumtoka mdomoni tangu azaliwe. Mvi zimeshaingia kichwani, na bado akaingia mkenge wa simu. Jamaa mmoja kifua wazi, anayejiita Mwalimu, alikuwa akifundisha wanaume kwa video mazoezi ya kurefusha maumbile yao kwa kuvuta na kukamua. Ndiyo, kukamua, kama mtu anayekamua shuka. Kila asubuhi Hakika alijifungia bafuni na taulo la moto na chupa ya mafuta ya kupikia. Chupa ya jikoni! Mama Cherehani aliikuta imerudishwa kwenye rafu, imejaa alama za vidole. Aliyamwaga mafuta yote chooni, na siku hiyo nyumba nzima ikala vya kuchemsha.

"Huo ni uongo," alimwambia.

"Umejaribu?"

"Nijaribu nini, baba watoto? Mimi nina nini cha kuvuta?"

"Basi huna la kusema. Mimi nimejaribu. Nilipima kabla sijaanza, na juzi nimepima tena. Imeongezeka inchi moja kasoro robo. Nina hakika."

"Mimi ni mkeo. Ingeongezeka, ningekuwa wa kwanza kujua."

"Jicho lako si futi, mama."

Hapo ndipo alipomkera kuliko pote. Tangu siku ya kwanza alikuwa amesema ni uongo bila kuangalia chochote, kwa sababu tu sura ya yule Mwalimu ilimtia kichefuchefu. Yeye alikuwa na kinyaa chake, mwenzake alikuwa na namba, na katika kazi yake yeye mwenyewe namba ndiyo iliyokata kitambaa.

Kisha akaanza kuona damu kwenye nguo za ndani alizofua. Matone madogo ya kahawia. Alimkokota mumewe hadi kwa daktari kama anayempeleka mtoto kudungwa sindano. Daktari, kijana mpole asiyependa kupaza sauti, alimpima, akanawa mikono, akakaa.

"Mzee wangu, ndani kunachanika," alisema. "Pakipona panaacha kovu, na kovu linavuta nyama kurudi nyuma. Acha leo hii, tuanze dawa. Kovu likishakomaa, sitakuwa na la kukusaidia."

"Umeyajuaje hayo?"

"Nimesomea, na nimeona wagonjwa."

"Wewe umesomea, mimi nimeyafanya. Nimepima."

Hakika akainuka, na dawa akaziacha mezani. Njiani Mama Cherehani alitokwa na povu hadi sauti ikakauka, na kesho yake asubuhi mlango wa bafuni ukafungwa kama kawaida. Alisimama nje akisikia maji ya moto yakimiminwa kwenye beseni. Alimchukia mtu yule, na alimwogopea. Miaka yote hii amekuwa naye, leo mume anajichana mwenyewe kipande kwa kipande, na kila dakika kovu linazidi kukomaa.

Wiki hiyo hiyo kinyozi wa duka la jirani alikuja kupimwa suruali. Huyu alikuwa rafiki mkubwa wa Hakika, mtu wa mzaha ambaye hakujua pa kuukomesha. Mama Cherehani aliuma ncha ya futi, akamzungushia kiunoni.

"Shemeji, hapa mbele uniachie nafasi," kinyozi alisema, akicheka kooni.

"Nafasi ya nini?" aliuliza kupitia meno.

"Usijifanye hujui. Mzee amenifunza yale mazoezi, nina siku chache tu. Nilikuwa nabisha, ila akanipa vipimo vyake, vya kwanza na vya sasa. Namba hazibishiwi. Anapimia futi yako hii hii ya kijani, anasema ndiyo ya uhakika, ya fundi."

Mama Cherehani alisimama pale pale, ncha ikiwa bado katikati ya meno.

Halafu akaitema. Alitema futi, akatema mate, akakimbilia bombani uani akasukutua, akatema tena, akausugua ulimi kwa pembe ya kanga mpaka ukawasha. Futi yake! Kitu alichokivaa shingoni mchana kutwa, alichowazungushia mabibi harusi, alichokiuma mbele ya shehe na padri! Aliinama juu ya karo akayatoa yote.

Ni pale, ameinama, macho yakimtoka machozi, ndipo ilipomjia. Vipimo vya kwanza na vya sasa. Hakika alianza upuuzi huu kabla ya msimu wa sare, futi ikiwa nzima. Alipopima mara ya pili, futi ilikuwa imekatwa. Na yeye hajui kutoa moja.

Alimwacha kinyozi amesimama na mikono juu. Aliivaa mikononi mifuko ya plastiki, akaiokota futi, akachukua na rula ya mbao, akaingia nyumbani. Hakika alikuwa mezani na simu, Mwalimu akibwabwaja humo ndani.

"Izime."

"Kuna nini?"

"Izime, nimesema!" Akailaza futi kando ya rula. "Angalia ncha. Usiangalie mwisho, angalia mwanzo. Moja iko wapi?"

Hakika aliinama. Akavaa miwani. Akapitisha kucha kwenye ukingo ule uliokatwa, akarudi kwenye rula, akarudi kwenye futi.

"Nilikata mimi, ilipoungua na pasi," mkewe alisema. "Kila mtu anayepimwa kwa hii anaongezeka, baba watoto. Hata kinyozi pale dukani kanenepa akiwa amesimama."

Alingoja abishe. Alikuwa na maneno tele ya kumrudishia, ameyalimbikiza tangu siku ya mafuta. Lakini Hakika alikuwa mtu wa ghala, maisha yake yote anajumlisha mifuko na kutoa, na midomo yake ilikuwa ikicheza taratibu bila sauti.

"Umekata inchi moja kamili?" aliuliza.

"Kamili. Kwenye mstari."

"Si kasoro kidogo?"

"Mimi ni fundi. Kamili."

Aliivua miwani. Uso wake ulikuwa umepauka kama saruji ya ghalani kwake. Mkewe hakuelewa, kwa kuwa yeye alikuja kumwonyesha kwamba hakuna kilichoongezeka, basi. Ndipo naye akaikumbuka ile namba aliyotambiwa, inchi moja kasoro robo, na kwa mazoea ya kazi akatoa moja kichwani. Robo imepungua.

Hamu ya kumcheka ikamwisha.

"Mama watoto," Hakika alisema, na sauti ilikuwa ndogo mno kwa mtu yule. "Unadhani yule daktari bado yuko kazini saa hizi?"

"Sijui," alijibu. "Vaa viatu, twende tukaone."

Kinyaa kilikuwa bado kimemkaa kooni, kikali kama nyongo. Hata hivyo, alipoona mumewe anainuka kamba zikiburuta chini, alivua ile mifuko ya plastiki, akapiga magoti, akamfunga kamba za viatu mwenyewe.