Pete za Mama Mkwe

Mke wa dobi alikuwa akinyunyizia maji shuka za wateja, mama mkwe wake akizipiga pasi, pete nyekundu kama za upele zilipomtoka mama mkwe kwenye kifundo cha mkono. Zilipita juu ya shuka nyeupe, moja nyuma ya nyingine, bila kuacha doa. Dobi aliinua kikombe chake cha chai ili zipite. Upande wa pili wa meza binti yake alikuwa akikunja foronya. Zikampanda mkononi, zikatulia shingoni.

"Zinawasha?" mama yake aliuliza.

"Haziwashi."

Mke wa dobi akaweka chupa ya maji chini. Vipele vinavyowasha hupakwa dawa vikaisha. Hizi za mama mkwe huleta uvimbe. Kabla dobi hajafunga duka, midomo ya mtoto ilikuwa imevimba na sauti imekuwa nyembamba kama uzi.

Zahanati walimchoma sindano ya mzio. Haikufua dafu.

"Huu si mzio," daktari alisema. "Kuna ndugu yake wa damu anayevimba hivi? Niambieni sasa. Kama upo kwenye ukoo, dawa yake ni nyingine."

Mama mkwe alifunga kifungo cha mkono wa gauni. "Kwetu hakuna. Muulize mama yake, kwao ndiko tusikokujua."

"Mama, nakuomba. Mtoto anaishiwa pumzi."

"Usimsemeshe mama hivyo," dobi alimwambia mkewe, macho sakafuni.

Mtoto alivuta pumzi, ikakwama. Hapo pete zikachomoza kwenye mkono wa gauni la mama mkwe, zikashuka mguu wa benchi, zikavuka sakafu. Daktari alisogeza kiatu. Alizifuata kwa macho mpaka zilipopanda kitandani kwa mtoto, kisha akaenda kabatini kuchukua ile dawa nyingine.

Uvimbe ulishuka polepole. Mtoto aliomba maji, akayameza. Mama yake alikunywa yaliyobaki.

Jumapili majirani walikuja kutoa pole. Mama mkwe aliwapokea mlangoni.

"Mungu mkubwa, amepona," alisema. "Lakini damu ya upande wa mama yake ni mbovu. Mwanangu nilimwonya mapema, akatia pamba masikioni."

Jirani mmoja aliokota pete iliyomwangukia mapajani. "Yako hii, shoga."

"Ahsante," mama mkwe alisema. Akaivaa, akaendelea na habari za damu ya mkwewe.

Wote wakamtazama mke wa dobi kwa huruma. Mumewe akamwambia awasogezee wageni viti.