Mshono wa Dereva

Dereva hakujua kudanganya, na mtaa mzima ulilijua hilo. Miaka yote ya kuendesha lori hakuwahi kumwongopea hata askari wa barabarani. Ndiyo maana jambo moja tu alilomficha mkewe lilimkosesha raha.

Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Fundi, aliwashonea watu nguo katika chumba cha mbele tangu watoto wao wakiwa wadogo. Kazi yake ilisifika. Lakini siku hizi alikuwa akipachika mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia, akilikunja vizuri na kuliweka juu ya kabati kana kwamba mambo ni shwari. Basi kila alipokwenda kuoga, Dereva alilishusha, akalifumua na kulishona upya kwa vidole vyake vinene vilivyozoea usukani, ulimi nje. Wateja hawakulalamika, kwa hiyo hakuna aliyegundua kitu. Binti yao ndiye aliyeshtuka, mama yake alipomuuliza swali lile lile mara tatu kabla chai haijapoa. Akawapeleka hospitali.

Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alimtajia Fundi maneno matano ayashike, wakazungumza mengine, kisha akamwomba ayarudie. Fundi akakumbuka mawili. La tatu Dereva alikuwa akimtajia kwa midomo bila sauti.

"Mzee, ukiendelea hivyo nitakutoa nje," daktari alisema akicheka. Kisha akamgeukia vizuri. "Na kazini je? Anafanya makosa ambayo zamani hakuyafanya? Nikijua mapema, nitawasaidia zaidi."

Dereva akajikuta njia panda. Akisema, atamwaibisha mke wake mbele ya mgeni. Asiposema, daktari atatafuta kitu ambacho yeye Dereva amekuwa akikifuta.

"Anafanya," alisema, macho sakafuni. "Huwa nayarekebisha akienda kuoga. Nisamehe, mke wangu."

Fundi akaguna. "Wewe mwanamume! Kuna mtu mwenye akili zake anayeoga mara nne kwa siku?"

Dereva akainua kichwa.

"Mshono wako naujua, umepindapinda kama unakwepa mashimo. Nikiitilia shaka nguo, naiweka juu ya kabati, nachukua taulo langu, nakuachia nafasi. Niliogopa kukwambia. Kumbe na wewe unaniogopa. Watu wazima sisi!"

Wakacheka mpaka wakalia, kisha wakalia kweli. Daktari aliwasubiri. Akawaeleza bila kuficha kwamba vipimo zaidi vinahitajika, kwamba ugonjwa wenyewe wa kusahau, ukithibitika, hauponi, ila wamekuja mapema na bado kuna mengi ya kufanya.

Nje, Fundi alimshika mumewe mkono.

"Sikia, Dereva. Kuanzia leo utashona mbele yangu, na mimi nitakukosoa. Siku nitakayousifu mshono wako, hapo ndipo uanze kuogopa."

Jioni hiyo Dereva aliketi kwenye cherehani, akapachika mkono wa gauni kwa uangalifu wake wote, akampa. Fundi akaugeuza kwenye mwanga, akaukagua, akanyamaza. Akaugeuza tena.

"Mbovu," alisema Fundi. "Fumua."

Dereva akafumua, na hajawahi kufurahi hivyo maishani mwake.