Kibali cha Revelian

Pulkeria alikuwa akimenya ndizi nyuma ya nyumba yake Kibingo pale ofisa wa mawasiliano alipotokea katikati ya migomba, kashika kifaa cha kupimia mtandao.

"Shikamoo, mama. Humu kuna mtambo unameza mtandao wa kata nzima."

"Marahaba. Si mtambo, ni mume wangu." Akaelekeza kisu kwenye kaburi lililotandazwa nyasi. "Yule pale."

Ofisa, jina lake Apolinary, akaandika.

Revelian alikufa siku alipopita mgeni mkubwa. Tumbo lilimkamata shambani, akapiga simu kuomba pikipiki ya kumpeleka hospitali. Lakini msafara ulikuja na gari la kuzima simu, na toka Kaisho hadi Kibingo hakuna aliyempata mwenzake mpaka mgeni alipoondoka. Walimkuta amekauka, simu yake ya kitochi sikioni. Kwao marehemu hanyang'anywi alichofia nacho, wakamzika nacho. Tangu hapo anapiga tu, na wengine hawapati nafasi.

"Kuzima mawasiliano bila kibali ni jinai, mama."

"Na wale wa msafara?"

"Wale wana kibali. Usalama."

Pulkeria alilijua neno hilo. Ng'ombe wa baba yake waliswagwa kutoka malishoni kwa usalama. Kahawa ya kaka yake ilishushwa barabarani kwa usalama.

"Basi mpeni na yeye."

"Mwombaji lazima awe hai."

"Alipokuwa hai hakuhitaji kibali, mwanangu. Alihitaji pikipiki."

Sheria inataka kifaa, yaani Revelian na simu yake, kikamatwe kiwe kielelezo. Pulkeria akasihi wasimtoe: mwenye kibanja hulala kibanjani, kwenye migomba yake, na yeye mwenyewe alikwisha kuchagua pa kulazwa, ubavuni pake. Alichoruhusiwa ni kumwaga rubisi, pombe ya ndizi, na kumwarifu mumewe. Wachimbaji waliokuja kufukua nao wakaonja. Revelian akatoka bila ubishi, akamwashiria mkewe kwamba inaita lakini haipokelewi, akapakiwa kwenye pikapu.

Simu za Kibingo zikalia zote kwa mpigo.

"Pole, wifi," jirani yake Celestina alisema. "Ila mtu wako alituchosha."

Pulkeria alikwenda wilayani kumdai, akarudi, akaenda tena. Mwisho Apolinary akamtolea kiti.

"Kielelezo kimepata kazi, mama. Hakitumii mafuta, hakiharibiki."

"Atarudi lini?"

"Ameajiriwa."

Mgeni mkubwa alipokuja tena, Revelian alikaa gari la mbele, mkanda kifuani, kibali kimebandikwa kwenye kioo. Pulkeria alisimama kando ya barabara, akampungia. Celestina akaja mbio, simu mkononi. Mkamwana wake alikuwa barazani, uchungu umemshika, mtoto kakaa vibaya.

"Haitoki, wifi! Napiga, haitoki!"

"Haitatoka. Ni Revelian huyo, tena sasa yuko kisheria."

Wakafunga machela ya miti, wakambeba mzazi hadi barabarani. Askari aliwaamkia vizuri, akawataka wasogee kwenye majani. Nyuma ya Revelian magari yalikuwa bado mengi.