Shangazi Paskazia na Ngoma ya Chatu

Josephat Mihayo alikuwa amewaahidi wanawe kwamba siku ya Sabasaba atawapeleka uwanjani yeye mwenyewe. Kisha wenzake kiwandani wakamchagua kubeba bendera mbele ya gwaride la wafanyakazi, na heshima kama hiyo haikataliwi. Mkewe, Adventina, alikuwa mjamzito wa siku za mwisho, miguu imemvimba, hawezi kusimama juani hata kidogo. Basi Josephat akatuma ujumbe Nansio kwa dada yake Paskazia, aliyekuwa akiwafundisha ushonaji kina mama wa huko. Paskazia hakuuliza maswali. Alipanda meli, akafika kwao Butimba jioni na kapu la machungwa, na asubuhi ya sikukuu akatoka na watoto watatu wasafi kama vyombo vya harusi.

Mkubwa alikuwa Justa, msichana wa darasa la tatu aliyependa utaratibu kuliko chakula. Aliyemfuata ni mdogo wake wa kike, Kija, ambaye alipenda kila kiumbe kinachotambaa: majongoo, mijusi, hata kenge wa kwenye mawe ya ziwani. Wa mwisho ni Malimi, mtoto wa kiume aliyekuwa bado anachanganya l na r akizungumza na ambaye kubebwa aliona ni haki yake.

Uwanja ulikuwa umefurika. Vumbi la Julai lilipanda juu ya vichwa vya watu, upepo wa ziwani ukalichukua, halafu likarudi. Baada ya gwaride na hotuba, sauti ya kipaza sauti ilitangaza burudani. Vijana wa sarakasi waliofundishwa na Wachina wangecheza kwenye jukwaa kubwa. Ngoma ya nyoka ingekuwa uwanja wa chini, penye mawe. Mazingaombwe yangekuwa ndani ya hema la turubai. Na yote, kipaza sauti kikasema kwa furaha, yanaanza sasa hivi.

"Yote sasa hivi?" Paskazia alishangaa. "Hivi waliopanga wana watoto kama hawa?"

"Nyoka!" Kija alisema.

"Sarakasi," alisema Justa. "Mwalimu wetu aliwaona Dar es Salaam. Wanapandana mpaka wanafika juu ya nyumba."

"Nyoka," alisema Malimi, kwa sababu Kija alikuwa amesema.

Justa aliinua mkono. Baba yake alikuwa balozi wa nyumba kumi, na alikwisha kusikiliza mikutano mingi akiwa nyuma ya pazia. "Ndugu wananchi, tupige kura. Wanaotaka sarakasi?"

Alinyoosha mkono wake, na shangazi akanyoosha wa kwake haraka sana.

"Wanaotaka nyoka?"

Kija alinyoosha mmoja. Malimi alinyoosha yote miwili.

"Malimi, una kura moja," Justa alisema. "Ni mbili kwa mbili."

"Basi mkubwa anaamua," alisema Paskazia. "Malimi bado mdogo, akimwona nyoka atalia. Tuanze na sarakasi."

"Malimi halii kwa nyoka," alisema Kija.

"Umejuaje? Amewahi kumwona?"

Wakaenda jukwaa kubwa, wakapata nafasi nzuri mbele kabisa, wakakaa kwenye nyasi kavu na kumenya machungwa. Sarakasi haikuanza. Kipaza sauti kilisema lori la vijana limepata hitilafu njiani, lakini wapo njiani. Ikaimba kwaya. Kipaza sauti kikasema bado wapo njiani. Akapanda bwana shamba, akaeleza kwa kirefu faida ya kupalilia pamba mapema. Malimi alimsikiliza, mdomo wazi, kisha akasema, "Shangazi, mkojo."

Waliporudi, nafasi yao ilikuwa imejaa familia nzima ya watu wa Buswelu pamoja na kuku wao. Huko chini, penye mawe, ngoma zilikuwa zimeshika kasi. Ardhi ilitetemeka mpaka miguuni.

"Shangazi, sasa nyoka," alisema Kija. Hakupiga kelele. Aliomba tu.

"Kule kuna vumbi, mama. Malimi ana kikohozi."

"Nina kikohozi?" Malimi aliuliza.

"Twendeni kwenye mazingaombwe. Humo kuna kivuli."

Justa alimtazama shangazi yake kwa jicho la upande. Kija aliinamisha kichwa, akawafuata.

Ndani ya hema, mwana mazingaombwe alikuwa amevaa koti jeusi zito lililomtoa jasho kama mtu anayebeba magunia. Lakini alijua kazi yake. Alimeza kitambaa, akakitolea sikioni kwa askari mmoja. Alivunja yai ndani ya kofia ya mtu, na mwenye kofia alipoanza kufoka, akamrudishia kofia kavu yenye kifaranga ndani. Watoto walicheka hadi Kija naye akasahau huzuni. Paskazia aliegemea benchi, akapumua. Alikuwa amechagua vizuri.

Ndipo yule bwana akaleta kikapu chenye mfuniko.

"Wakubwa kwa watoto," alisema kwa sauti ya chini, "ndani ya kikapu hiki amelala rafiki yangu. Mkimpigia makofi, ataamka."

Wakapiga makofi. Akafunua, akatumbukiza mkono, akachomoa kitu kirefu cha kijani kinachopindapinda, akakirusha kwa watu wa mbele.

Kilikuwa kitambaa kilichojazwa pamba. Kila mtu alikiona hivyo mara moja, isipokuwa Paskazia, ambaye hakungoja kuona. Alipiga ukelele uliofunika ngoma za nje, akaruka juu ya benchi, na benchi lilipoinama, akajikuta mgongoni kwa mzee mmoja aliyekaa mbele yake, kamkumbatia shingo.

Hema lote likaangua kicheko.

"Shikamoo, baba," Paskazia alisema kutoka kule juu. "Nisamehe."

"Marahaba, binti yangu," mzee alijibu kwa shida. "Lakini shuka kwanza."

Nje ya hema walikaa kwenye kivuli cha lori. Paskazia alijifunga kanga upya, akaifungua, akajifunga tena. Watoto walimtazama.

"Shangazi," Kija alisema polepole, "anayeogopa nyoka ni wewe."

"Mimi siogopi," alisema Malimi. "Na sina kikohozi."

Paskazia alitaka kukana, kisha akaacha. "Ni kweli," alisema. "Nimewasingizia. Nilipokuwa mkubwa kama Justa, kule Buswelu, niliingiza mkono kwenye kikapu cha karanga nikamshika nyoka. Nilidhani ni kamba. Baba yenu ndiye aliyemuua, kwa mpini wa jembe. Tangu siku hiyo hata picha yake siwezi kuitazama. Mimi Msukuma mzima! Watu wetu wanacheza nao, wanawavaa shingoni kama skafu, mimi nakimbia kitambaa."

Watoto hawakucheka. Justa aliwavuta wadogo zake kando na wakanong'onezana. Mara Kija akarudi, midomo ameibana.

"Shangazi, mimi nimeacha nyoka. Tule miwa, halafu turudi nyumbani."

Alisema vizuri, kama mtu mzima, lakini alipomaliza, akageuza uso upande zilikotoka ngoma.

Paskazia alimtazama kisogo kile kidogo chenye mistari ya nywele aliyoisuka mwenyewe usiku uliopita. Akasimama.

"Twendeni kwenye mawe."

"Lakini shangazi..."

"Justa, mshike mdogo wako mkono, mkakae mbele. Mimi nitasimama nyuma kabisa na nitawapa mgongo. Malimi atakaa mabegani mwangu, aniambie kinachoendelea."

Ndivyo walivyofanya. Watu waliopita walimshangaa mwanamke aliyesimama pembeni ya ngoma akitazama ziwa, huku mtoto mabegani amegeuza shingo kutazama upande wa pili, akimshika masikio kama usukani.

"Wanacheza," Malimi alitoa taarifa. "Wana majani kichwani. Sasa wanaleta sanduku."

"Mungu wangu. Endelea."

"Anatoka. Ni mlefu! Ni mlefu kuliko baba! Manju amemvaa shingoni. Sasa amemlaza. Nyoka analara, shangazi. Amechoka."

"Na dada zako?"

Malimi hakujibu. Ngoma nazo zilikuwa zimenyamaza. Paskazia alimtikisa mguu. "Malimi! Dada zako wako wapi?" Mtoto alikuwa amepigwa na butwaa. Hapo Paskazia akageuka kabla ya kufikiri.

Manju, yule kiongozi wa ngoma, alikuwa amepiga goti katikati ya uwanja, na chatu amenyooka mbele yake, mnene kama paja la mtu. Kandokando yake walikuwa watoto kadhaa walioitwa waguse. Wa kwanza alikuwa Kija. Alikuwa amelaza kiganja juu ya mgongo wa chatu, taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto mchanga asiamke. Uso wake uling'aa kuliko siku ya Krismasi.

Ukelele ulimjia Paskazia mpaka mdomoni. Aliumeza.

"Huyu mtoto hana woga," manju alisema kwa sauti. "Ni wa nani?"

"Ni wa Josephat wa Butimba," Kija alijibu. "Nimeletwa na shangazi yangu, yule pale. Anaogopa sana nyoka, lakini ametuleta."

Uwanja mzima uligeuka. Kule nyuma mtu alianza kucheka, lakini manju aliinua mkono. "Karibu, mama. Huyu ameshiba, hana haja na mtu."

Paskazia alipiga hatua, akapiga nyingine. Watu walimpisha. Jasho lilimchuruzika mgongoni, na Malimi kule juu akamsaidia kwa kusema, "Twende, twende." Alifika kwenye kamba iliyozunguka uwanja, akaishika kwa mikono miwili.

"Hapa panatosha," alisema.

"Panatosha kabisa," alisema manju, akaamuru ngoma zipigwe. Wanawake wakapiga vigelegele, na Paskazia akabaki pale, macho wazi, mpaka chatu akarudishwa sandukuni.

Jua lilikuwa limeshuka lori la sarakasi lilipofika, jekundu kwa vumbi mpaka kwenye vioo. Watu wengi walikwisha kuondoka. Kija na Malimi walikuwa wamelala juu ya kanga kwenye nyasi, midomo inanata utamu wa miwa. Justa peke yake ndiye aliyekuwa macho. Tangu saa zile za bwana shamba hakuwa amenung'unika hata mara moja.

"Umechoka, twende?" shangazi yake alimpima.

"Sijachoka," Justa alisema haraka.

Vijana hawakujali uchache wa watu. Walipandana, mmoja juu ya mwenzake, mpaka wa mwisho akasimama akiwa na ziwa lote nyuma yake. Msichana mmoja alijikunja kinyumenyume, akaokota ua kwa meno. Justa alimshika shangazi yake mkono kwa nguvu na hakuuachia mpaka mwisho. Safari hii hakukuwa na wadogo wa kuwaangalia wala kura ya kuhesabu. Alikuwa mtoto tu, na alipiga kelele kama watoto wengine.

Usiku ule Butimba hakuna aliyemaliza sentensi. Josephat alikuwa bado na sare yake ya gwaride, Adventina amelaza miguu kwenye mto, na watoto walieleza wote kwa pamoja, Kija akionyesha kwa mikono unene wa chatu, Justa akiomba kiti ajaribu kusimama juu yake kwa mikono.

"Na wewe wifi," Adventina aliuliza, "ulipenda kipi zaidi?"

Paskazia alikuwa ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, macho ameyafumba.

"Hotuba ya pamba," alisema. "Ile peke yake nilikaa nikatulia."