Nukta Kati ya Maneno Mawili

Nukta, jamani! Nukta moja tu, na mtu mzima ameketi mbele ya kompyuta mchana kweupe akitamani ardhi ipasuke immeze.

Alikuwa mtakwimu wa kliniki ya watoto. Ripoti zilipoonyesha watoto pungufu kuliko waliohudhuria, mpimaji wa uzito na urefu alilaumiwa kwamba anawaruka, akaachishwa kazi. Akaletwa mwingine. Idadi ikabaki pungufu vilevile! Ndipo mtakwimu alipoifungua programu yake aikague mstari kwa mstari.

Lugha ya kompyuta aliyoiandikia programu hiyo ina tabia yake. Ukiiambia "fupisha", yaani itoe muhtasari wa takwimu, kwanza hutazama kitu ulichoipa ni cha aina gani. Kikiwa cha aina ya "watoto", hutafuta kanuni iitwayo fupisha, nukta, watoto. Ikiipata huitumia hiyohiyo, haimuulizi mtu. Naye mtakwimu zamani aliandika kanuni ya pembeni, ya kuchorea chati ya urefu tu, inayomtupa kila mtoto asiyepimwa urefu. Akaiita fupisha.watoto. Nukta aliiweka kama pambo, maneno yasigandane. Kumbe, kwa kuwa orodha ya kliniki ilikuwa ya aina ya "watoto", tangu hapo kila ripoti ilipitia humo kimyakimya.

Na nani hakupimwa urefu? Waliodhoofika hadi kusimama hawawezi. Mpimaji alipanda nao mizani akiwa amewapakata, akatoa uzito wake mwenyewe, akaandika wa mtoto, nafasi ya urefu akaiacha wazi.

Mpimaji huyo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe.

"Wifi, wallahi niliwapima wote," alisema siku ile ya kuachishwa kazi, mbele ya wafanyakazi.

"Kompyuta haina undugu," mtakwimu alimjibu. Tena kwa madaha! Watu wakacheka. Sasa maneno yale yalimrudia, uso ukamwaka moto.

Akaenda kwa mkuu wa kliniki, akaeleza huku macho yakiwa sakafuni.

Mkuu akashusha pumzi. "Kumrudisha, nitamrudisha. Kumwambia, utamwambia wewe."

Alimkuta wifi yake chumbani kwake akikunja nguo. Hakukaribishwa kiti, na hakustahili.

"Wifi, kosa lilikuwa langu. Programu yangu ndiyo iliyowafuta. Nimekuaibisha bure. Naona aibu hata kukutazama."

"Usinitazame, basi."

Nguo tatu, nne zikakunjwa. Kisha wifi akasita, shati mkononi.

"Hao wasioweza kusimama. Huyo mpimaji mpya anawapakata?"

Mtakwimu hakujua. Miaka yote hiyo hakuwahi kuinuka kitini kwake akatazame mtoto mmoja akipimwa.

"Sijui, wifi."

"Hujui!"

Wifi akalitupa shati kitandani, akapiga magoti, akaanza kupapasa uvunguni akitafuta viatu vya kwendea kliniki. Kimoja kilikuwa pale mlangoni. Mtakwimu akainama akakiokota, akasimama nacho, asithubutu kumpa.